Nani anayo? Hati inavyotafutwa kwa jina lake badala ya mahali ilipo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Arusha, yawe ya wanachuo, ya wazazi au ya watafuta ajira, kuna mazungumzo yanayojirudia. Mtu anatupia linki ya tangazo. Kesho yake wenzake wanaibonyeza, haifunguki. Hakuna anayehangaika kutafuta linki nyingine; mmoja anaandika tu, "PDF yake nani anayo?" na mara watu watatu wameshaitupia. Hapo linazuka swali la pili, gumu kuliko la kwanza: ya huyu inasema mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 15, ya yule inasema tarehe 25. Ipi ndiyo yenyewe?

Wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakipambana na maswali hayo mawili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wamejenga mitandao ambamo hati huitwa kwa jina lisilotegemea ilipo, na yeyote aliye nayo anaweza kumpa mwingine hata kama hawafahamiani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa maneno ambayo siku hizi hutajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja: torenti, hashi, IPFS, blokcheni. Imezaa pia ahadi moja inayonitia wasiwasi, kwamba ukishaweka hati "kwenye mtandao usio na mwenyewe" basi haitapotea milele. Ahadi hiyo si kweli, na anayeiamini anaweza kupoteza kitu ambacho hatakipata tena. Ndiyo maana naona inafaa tulifungue jambo hili polepole, kuanzia mwanzo.

Linki ni anwani tu

Linki ya kawaida ya tovuti inabeba mambo matatu: namna ya kuwasiliana na seva, jina la seva yenyewe, na njia ya kulifikia faili ndani yake, folda hii, kisha ile, kisha faili. Inakuelekeza pa kwenda. Utakachokikuta huko haikitaji. Mwenye seva akiliondoa faili na kuweka jingine lenye jina lile lile, linki inabaki ilivyo nawe hutajua. Akilihamishia folda nyingine, linki inakufa ingawa faili lipo zima. Akiacha kulipia jina la tovuti, ambalo hulipiwa kwa muda maalumu na kuhuishwa, linki zote zilizo chini ya jina hilo zinakufa kwa mpigo, na jina lenyewe linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine kabisa.

Haya hutokea sana. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye.

Arusha tunao mfano wetu, na ni wa hati nzito. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ICTR, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilikuwa na makao yake katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Ilikuwa hapa hapa mjini, tarehe 2 Septemba 1998, ilipotolewa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kumbukumbu za mahakama hiyo sasa ziko chini ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zake, yenye ofisi Lakilaki, nje kidogo ya mji. Taasisi hiyo ilianza na tovuti ya unmict.org, kisha jina lake likabadilishwa na tovuti ikawa irmct.org. Hukumu ya Akayesu haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni anwani. Mwanafunzi wa sheria aliyeinukuu kwenye tasnifu yake kwa anwani ya zamani anategemea mtu fulani, mahali fulani, aendelee kuielekeza ya zamani kwenye mpya, mwaka hadi mwaka.

Jina linalotolewa, na jina linalotoka ndani

Wazo la kuipa hati jina lisilotaja mahali si geni. Kitabu kilichochapishwa Tanzania huwa na ISBN inayoanza na 978-9976 au 978-9987. Namba hiyo haikuambii kitabu kiko duka lipi la Barabara ya Sokoine au maktaba ipi ya Moshi. Inakuambia ni toleo gani la kitabu gani, popote lilipo. Makala za kitaaluma nazo hupewa namba iitwayo DOI. Mchapishaji akihama tovuti, anasahihisha anwani kwenye daftari kuu la DOI, na namba iliyonukuliwa na watu inabaki ile ile.

Namba hizi zimetusaidia sana, ila zina mapungufu mawili. Lazima awepo mtu wa kuzitoa na kutunza daftari. Pili, hakuna kinachoifunga namba na maandishi yaliyomo. Ukichukua PDF ya makala, ukabadilisha jedwali moja, ukaacha DOI palepale juu ya ukurasa, DOI haitalalamika.

Hapo ndipo inapoingia hashi. Kompyuta huhifadhi hati yoyote kama mfululizo wa namba ndogo ziitwazo baiti. Hashi ni jibu la hesabu inayopitia baiti zote, ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoa namba moja yenye urefu usiobadilika. Hesabu inayotumika mno leo inaitwa SHA-256, nayo ilitangazwa mwaka 2001 na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Uipe tangazo la ukurasa mmoja au video ya saa tatu, jibu ni alama 64 zilizochanganya tarakimu na herufi a hadi f.

Tuitazame kwa karibu. Faili lenye herufi moja tu, a ndogo, bila hata kubonyeza kitufe cha mstari mpya, lina hashi hii:

ca978112ca1bbdcafac231b39a23dc4da786eff8147c4e72b9807785afee48bb

Badilisha herufi hiyo iwe b:

3e23e8160039594a33894f6564e1b1348bbd7a0088d42c4acb73eeaed59c009d

Hazifanani hata kidogo, ingawa b inaifuata a kwenye alfabeti. Hivyo ndivyo hesabu ilivyokusudiwa: badiliko dogo kabisa, kama 15 kuwa 25, linabadilisha jibu lote. Mtu aliyeko Himo, mwingine Karatu na mwingine Tokyo wakiandika herufi a kwenye faili na kulipiga hashi, wote watapata ile ile, bila kuomba kibali na bila ofisi ya kusajili. Hata faili tupu lisilo na kitu ndani lina hashi yake, inayoanza na e3b0c442, na mafaili matupu yote duniani yana hiyo hiyo.

Je, hati mbili tofauti haziwezi kuangukia hashi moja? Kinadharia zinaweza, maana hati hazina mwisho na hashi zina mwisho. Lakini idadi ya hashi za SHA-256 ni namba yenye tarakimu 78, na hadi leo hakuna aliyeonyesha hati mbili zinazogongana. Hesabu za zamani zimeshavunjwa: MD5 ilionyeshwa kugongana mwaka 2004, na SHA-1 mwaka 2017, pale watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam wakishirikiana na Google walipotengeneza PDF mbili tofauti zenye hashi moja. Kwa hiyo ukiona ofisi bado inakupa MD5 kama uthibitisho wa hati, waombe SHA-256.

Kuijaribu hakuhitaji programu ya kununua. Kwenye kompyuta ya Windows fungua kisanduku cha amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux amri ni sha256sum. Jibu linakuja papo hapo.

Turudi sasa kwenye zile PDF mbili za tarehe 15 na tarehe 25. Ofisi iliyotoa tangazo ingelibandika kwenye ubao wake, au kulichapa gazetini, pamoja na hashi yake chini, basi yeyote aliyepokea PDF kutoka kwa yeyote angeweza kuihakiki mwenyewe. Asingekuwa na haja ya kumjua aliyemtumia, wala aliyemtumia huyo. Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya na linahitaji mkazo: hashi peke yake haijui ukweli. Tangazo la uongo nalo lina hashi yake, safi kabisa. Hashi inachokuhakikishia ni kwamba faili ulilo nalo ndilo lile lile lililotajwa. Nani alilitaja, na kama anaaminika, hilo unalitafuta kwingine.

Vilevile hashi inazijua baiti tu; maana ya maandishi haiijui. Chukua Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha hapa Januari 1967 na likatangazwa tarehe 5 Februari. Kuna lililopigwa picha kutoka kijitabu cha zamani, kuna lililochapwa upya kwenye Word, kuna tafsiri ya Kiingereza. Kwa msomaji yote hayo ni Azimio. Kwa hashi ni mafaili yasiyohusiana. Hata kijitabu kimoja ukikiskani mara mbili utapata hashi mbili. Na picha ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa, kwa hiyo inayofika si ile iliyoondoka. Anayetaka faili lifike kama lilivyo, alitume kama hati. Wengi wanaosema "hashi zenu haziaminiki" wamekwama hapo tu: walilinganisha picha iliyokwisha kubanwa na ile ya asili.

Namna ya kuuliza dunia nzima

Jina tumelipata. Lakini jina lisilotaja mahali lina tatizo la wazi: utampataje mwenye hati? Mtandao wa rika kwa rika ni ule ambao kompyuta za watumiaji huhudumiana zenyewe, kila moja ikiomba na kutoa, bila seva moja kubwa katikati. Kundi letu la WhatsApp, katika kuulizana "nani anayo?", linafanya kazi kwa mtindo huo huo, na linatosha kutufikisha mbali katika kuuelewa.

Kundi la watu 200 linaweza kuulizana kwa kupiga kelele. Gnutella, mtandao uliotokea mwaka 2000, ulifanya hivyo: kompyuta inawauliza majirani, majirani wanawauliza majirani zao. Watu walipoongezeka, maswali yakawa mengi kuliko majibu. Kabla yake, mwaka 1999, Napster ilichagua njia ya admini: seva moja ilitunza orodha ya nani ana wimbo gani, na watu wakapeana nyimbo wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa haraka, ila ilikuwa na shingo moja. Mahakama ya Marekani ilipoibana kwa kesi ya hakimiliki, seva ikazimwa Julai 2001, na mtandao mzima ukafa siku hiyo hiyo ingawa mafaili yote yalikuwa bado kwenye kompyuta za watu.

Suluhisho lililokuja mwaka 2001 na 2002 ni kuligawa daftari la admini kwa wanachama wote, kila mmoja akabaki na ukurasa wake. Mifumo ya Chord, Pastry na mingine ilitangulia. Unaotumika sana leo ni Kademlia, uliobuniwa na Petar Maymounkov na David Mazières. Siri yake ni kwamba kompyuta nazo hupewa namba, kutoka kwenye mstari ule ule wa namba zinazopewa hati. Kompyuta ambazo namba zake ziko karibu na hashi ya hati fulani ndizo zenye wajibu wa kukumbuka nani anayo hati hiyo. Ukaribu huu ni wa kihesabu tupu. Kompyuta ya Ngaramtoni inaweza kuwa jirani wa kompyuta ya Japani na ikawa mbali kabisa na iliyoko chumba cha pili.

Kila kompyuta inawajua wachache tu, lakini inawajua kwa mpangilio: wengi walio karibu na namba yake, na wachache wachache wa kila umbali. Ukiitafuta hashi, unamuuliza yule unayemjua aliye karibu nayo zaidi. Naye anakutajia aliye karibu zaidi kuliko yeye. Unasonga hivyo hivyo. Kila hatua inaupunguza umbali kwa nusu au zaidi, kwa hiyo hata mtandao ukiwa na kompyuta milioni moja, hatua 20 zinatosha. Mimi hapa ndipo huwa naona uzuri wa jambo lote. Hakuna mtu anayeijua picha nzima, na bado swali lolote linafika.

BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili ambao watu huuita torenti, alioanzisha Bram Cohen mwaka 2001, ilianza kutumia daftari la namna hii mwaka 2005. IPFS, ya Juan Benet, iliyotoka 2015, imelijengea juu yake mfumo mzima wa kuita hati kwa hashi. Wa mapema kuliko hao ni Freenet ya Ian Clarke, aliyeanza nayo akiwa mwanafunzi Edinburgh na kuitoa mwaka 2000 (tangu 2023 inaitwa Hyphanet), yenye njia yake tofauti ya kupitisha maombi.

Hati kubwa hukatwa vipande. Kila kipande kinapigwa hashi, kisha orodha ya hashi hizo nayo inapigwa hashi, mpaka inabaki moja tu ya juu, mtindo uliobuniwa na Ralph Merkle mwaka 1979. Ukiwa na hiyo moja unaweza kupokea kipande cha kwanza kutoka Moshi, cha pili kutoka Nairobi, cha tatu kutoka kwa mtu usiyemjua kabisa, na kila kimoja ukakipima kinapofika. Kilichochezewa kinatupwa, kinaombwa tena kwa mwingine. Kwa watu wa bando hili lina maana ya pekee: mtandao ukikatika faili likiwa limefika asilimia 90, unaendelea ulipoishia badala ya kuanza upya.

Nani anaitunza?

Sasa tufike kwenye ile ahadi ya "haitapotea milele".

Daftari lililogawanywa linakumbuka nani anayo hati. Hati yenyewe haliitunzi. Ukiweka hati kwenye IPFS kutoka kompyuta yako ya Sakina, kilichotokea ni kwamba kompyuta yako imetangaza, "mimi ninayo." Nakala haijaenda popote. Ukiizima kompyuta usiku, hati haipatikani usiku huo. Tangazo lenyewe lina muda wake, na lisiporudiwa linafutika kwenye daftari. Mtu mwingine akiifungua hati, kompyuta yake huweka nakala kwa muda na kuweza kuigawa, lakini nafasi ikijaa inaisafisha, isipokuwa awe ameiambia kwa makusudi kwamba hii usiifute. Freenet kweli husambaza nakala kwa kompyuta za wengine, ila hati zisizoombwa na mtu husukumwa nje pole pole na zile zinazoombwa.

Ina maana kwamba hati inayopendwa inajitunza yenyewe, na hati isiyopendwa inakufa kimya. Nyimbo mpya hazina shida. Kumbukumbu za mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa Kibosho, ambazo mtu mmoja atazihitaji baada ya miaka 15 kwa ajili ya kesi ya shamba, hizo zina shida kubwa. Hashi yake utakuwa nayo. Utajua kwa uhakika kamili unachokitafuta, na mtandao mzima utakujibu kwamba hakuna aliye nacho.

Jina la kudumu na hifadhi ya kudumu ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiyo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Hifadhi inatoka kwa mtu aliyekubali kuibeba: kwa mapenzi, kwa wajibu wa kazi, au kwa malipo. Kuna mitandao, kama Filecoin iliyoanza kazi rasmi mwaka 2020, inayowalipa watu watunze mafaili na kuwadai uthibitisho wa kihesabu kwamba bado wanayo. Hata huko, malipo yakikoma, utunzaji unakoma.

Blokcheni nayo ni kitu kingine. Ile ya Bitcoin, iliyoanza 2009, ni daftari la miamala ambalo kila kompyuta inayoshiriki kikamilifu hulipitia lote. Ni zito, na halifai kubeba PDF zako. Unaweza kuandika hashi ya hati humo kama ushahidi kwamba hati ilikuwepo tarehe fulani, ila hati yenyewe bado inahitaji mtu wa kuitunza pembeni. Anayekuuzia huduma ya "kuweka hati za kiwanja kwenye blokcheni" mwulize swali moja: faili lenyewe litakaa kwenye diski ya nani?

Na torenti si jina jingine la wizi. Ni kweli filamu nyingi za magendo zimepita humo, lakini Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta usiolipiwa, hutolewa kwa torenti kwa uhalali kabisa, na maktaba ya Internet Archive inatoa mamilioni ya vitabu na kanda zake kwa njia hiyo hiyo.

Bado kuna sheria na miongozo ambayo hubadilika. Hati ikirekebishwa, hashi inabadilika, kwa hiyo aliyeshika hashi ya zamani atapata toleo la zamani daima. Kwa mtafiti au wakili hilo ni faida, maana anaona mwaka fulani maandishi yalisemaje hasa. Kwa mwananchi anayetaka toleo la sasa, mifumo hii inaweka kielekezi: jina lililotokana na ufunguo wa wazi wa ofisi, yaani namba ndefu inayoonyeshwa kwa wote na yenye mwenzake wa siri, jina ambalo ofisi peke yake, kwa ufunguo wake wa siri, inaweza kulielekeza kwenye hashi mpya. Ufunguo wa siri ukipotea, kielekezi hakigeuziki tena. Ukiibwa, mwizi anakigeuza atakavyo.

Yanayotuhusu hapa

Simu za mkononi, ambazo ndizo kompyuta za wengi wetu, ni watunzaji dhaifu. Kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo simu inaweza kuomba vizuri ila ni vigumu kufikiwa na wanaoomba. Kila megabaiti unayowagawia wengine inakatwa kwenye bando lako. Betri nayo inakwisha. Mashine inayofaa ni kompyuta ndogo isiyozimwa, yenye intaneti isiyopimwa kwa megabaiti, kama zilizopo vyuoni na maofisini.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania nzima, na watu walisikika wakisema mtandao wa rika kwa rika ungetuokoa. Ungesaidia kwa sehemu. Linki ya kawaida inayoelekeza seva ya Ulaya ingekwama tu. Ombi la hashi lingeweza kujibiwa na kompyuta ya Moshi kama inayo nakala, na Arusha tunacho kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, AIXP, kinachowezesha kampuni za intaneti kupeana data bila kuizungusha nje ya nchi. Lakini nakala iwe imeshafika kabla ya waya kukatika. Mfumo huu hauwezi kuleta kisichokuwepo.

Kisha kuna siri. Kuita hati kwa hashi hakuifichi. Yeyote mwenye hashi anaweza kuiomba, na katika mitandao mingi ya aina hii anwani ya intaneti ya anayeomba na ya anayetoa huonekana na wengine. Majalada ya wagonjwa, nakala za vitambulisho, orodha za mishahara, hivi visiingie kwenye mtandao wa wazi bila kufungwa kwanza kwa ufunguo, na hata vikiwa vimefungwa ningesita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Kwenye mtandao ambao nakala ziko kwa watu usiowajua, hakuna wa kumpigia simu azifute zote.

Kwa hati za umma hali ni tofauti, na naamini hapo ndipo tungeanzia. PDF ya kawaida ya maandishi tuseme ina megabaiti mbili. Kwa kiasi hicho, flashi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya hati 15,000, pengine kila sheria ndogo, kila ramani ya mipango miji na kila muhtasari ambao halmashauri moja imeutoa kwa muda mrefu. Maktaba za vyuo za Marekani zilianza kusaidiana hivi mwaka 1999 kwa mradi wa LOCKSS wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao kila maktaba inatunza nakala yake na mashine zao hulinganisha nakala na kurekebishana. Maktaba ya mkoa hapa, chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi zinaweza kufanya hivyo kwa vifaa vilivyopo sasa: kukubaliana orodha ya hashi, kila mmoja kuchukua nakala kamili, na orodha yenyewe kuchapwa kwenye karatasi na kusainiwa. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, umbali unaotosha moto wa jengo moja usifike la pili. Kinachobaki ni kumteua mfanyakazi katika kila taasisi, hilo liandikwe kwenye majukumu yake ya kazi, ambaye kila mwezi atapiga hashi upya za mafaili yote, aone lipi limeharibika, na alichukue zima kutoka kwa mwenzake.